Shahidi Asiye na Ulimi

Mfupa ni shahidi asiye na ulimi. Hautaji jina la mwenyewe, lugha yake wala imani yake. Lakini hutunza habari za maradhi, majeraha na kupona. Mfupa uliovunjika ukaunga hushuhudia kuwa mwenyewe hakufa siku ile. Kwa ushahidi huo, wachunguzi wa mambo ya kale huweza kuuliza swali la maadili: kilema alikuwa nani mbele ya wenziwe?

Katika pango la Shanidar, nchini Iraki, wachimbaji walioongozwa na Ralph Solecki walifukua mwaka 1957 mifupa ya mwanamume wa jamii ya Neanderthal, aliyekufa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Uso wake ulikuwa umepondwa upande wa kushoto, na yamkini jicho lake lilipofuka. Mkono wa kuume ulisinyaa, na sehemu ya chini ilikuwa imekatika. Alichechemea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 uliongeza kuwa matundu ya masikio yake yaliota mifupa iliyodhoofisha usikivu wake. Hata hivyo, majeraha yalipona, naye akaishi mpaka miaka 40 au karibu yake, umri mkubwa kwa watu wa zama zile.

Huko Man Bac, kaskazini ya Vietnam, mwaka 2007 alifukuliwa kijana aliyeishi karibu miaka 4,000 iliyopita. Pingili za shingo yake zilikuwa zimeshikamana. Miguu yake ilipooza kabla hajawa mtu mzima, na mikono aliitumia kwa shida. Naye aliishi katika hali hiyo miaka kama kumi. Basi palikuwa na watu waliomlisha, waliomgeuza na waliomsafisha, mchana na usiku, katika jamii iliyoishi kwa uvuvi na uwindaji bila chombo cha chuma.

Mwepesi wa kuhukumu atasema kuwa huruma imethibitika. Lakini mwaka 1991 mwanachuoni Katherine Dettwyler alionya kuwa mifupa haiwezi kuthibitisha jambo hilo. Onyo lake lina haki. Mtu hulishwa kwa mapenzi, na mtu hulishwa kwa masimango. Mfupa hunenepa kwa chakula, haujui kilitolewa kwa uso gani. Tena, anayesifu huruma ya watunzaji peke yake humfanya mtunzwa kuwa mzigo usio na nia. Mwenye mkono mmoja aweza kulinda moto, kulea watoto na kukumbuka njia ya maji.

Kisiwani Borneo, miaka 31,000 iliyopita, mtoto mmoja alikatwa sehemu ya chini ya mguu wa kushoto. Kidonda kilipona, naye akaishi miaka 6 hadi 9 baadaye katika nchi ya milima na majabali. Aliyekata alikuwa na ujuzi, na waliouguza walikuwa na subira; lakini kuishi kwa mguu mmoja katika milima ile kulikuwa kazi ya kijana mwenyewe. Maisha yake yalijengwa na pande mbili.

Kwa hiyo mifupa hukanusha makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa desturi ya asili ya binadamu ni kumtupa mdhaifu. La pili ni kudhani kuwa kilema ni mpokeaji tu. Wahenga walisema hujafa hujaumbika: umbo la mtu hukamilika kaburini, na kila mzima yumo njiani. Mtunzaji wa leo aweza kuwa mtunzwa wa kesho. Kwa hiyo msaada si sadaka ya mkamilifu kwa mpungufu, bali ni deni linalozunguka.

Huenda nia za watu wale zisijulikane kamwe. Linalojulikana latosha kuhukumu walio hai. Waliokuwa na mawe, moto na mikono mitupu waliweza kuishi pamoja na vilema wao miaka mingi. Jamii yenye hospitali, shule na hazina, ikimfungia kilema mlango kwa kusingizia ufukara, itawajibuje wale waliokuwa fukara kuliko wote?