Kupima Mate ya Mja Mzito: Je, Ni Kudai Ghaibu?

Swali hili liliulizwa katika darsa yetu, na aliyeuliza hakukusudia ubishi. Asema: ikiwa Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo matumboni, vipi tabibu atwae mate ya mwanamke mwenye mimba, kisha amwambie kwamba huenda akazaa kabla ya siku zake?

Kwanza na tulifahamu jambo lenyewe. Iko homoni iitwayo estrioli, ambayo kondo la nyuma huitengeneza kwa vitu vitokavyo kwa mtoto mwenyewe aliye tumboni. Huzidi kadiri mimba ikuavyo, na kiasi cha majuma mawili matatu kabla ya uchungu hupanda zaidi, na kupanda huko huonekana hata katika mate. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo cha namna hii, SalEst, ili wajulikane walio katika hatari ya kuzaa kabla ya juma la 37.

Hapana ghaibu hapa. Nahodha aonapo wingu jeusi likipanda akatua tanga, hatumwiti mpiga ramli.

Lakini liko ambalo muulizaji hakulitaja, nalo ndilo zito. "La" ya kipimo hiki yategemewa kuliko "naam" yake. Ambaye homoni yake haikupanda, aghalabu hazai mapema. Lakini katika walioambiwa imepanda, wengi walizaa kwa wakati wao. Ewe msomaji, mfikiri mwanamke huyu wa pili! Arudi nyumbani, hali, halali, aogopa hata kuinua ndoo, na mavyaa amtazama kwa jicho la lawama. Kisha miezi yatimia, azaa salama. Zile siku nani atamlipa? Aliyempima hakusema uongo. Alimpa dhana, naye hakuambiwa kuwa ni dhana.

Wala hatusemi onyo halina faida. Tangu Liggins na Howie wa New Zealand walipotangaza majaribio yao mwaka 1972, yajulikana kuwa iko sindano apigwayo mama ikayakomaza mapafu ya mtoto atakayezaliwa kabla ya kutimia. Ila nguvu yake kubwa ni ndani ya siku saba, na mate hayaitaji siku.

Basi twamjibu ndugu yetu: kupima kwajuzu. Lakini mama na aulize kabla ya kutoa mate yake, "Mkiona imepanda, mtanifanyia nini?" Asipopata jibu, ana haki ya kukataa, na mumewe asimlazimishe.