"Hana Watu"

Hukumu ilikuwa ya maneno mawili: hana watu. Ilitolewa na jopo la mahojiano katika chama kimoja cha ushirika wa kahawa huku Embu, upande wa juu unaopakana na msitu wa Mlima Kenya. Aliyehukumiwa ni karani wa hesabu, binti niliyemfundisha akiwa shule ya upili. Nafasi ilikuwa ya umeneja, na sifa zote alikuwa nazo. Tena ni yeye, na si mwingine, aliyegundua kwamba hesabu za fakitori moja hazikai sawa. Wakulima wetu wanajua kwamba kilo sita au saba za matunda mabivu ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa safi. Katika fakitori ile matunda yalizidi kuingia na kahawa ikazidi kupungua, bila ukame wala ugonjwa wa kueleza tofauti hiyo. Aliketi na vitabu vya mizani jioni, wenzake wakiwa wamekwenda nyumbani, akalinganisha msimu na msimu, akaiandikia kamati barua. Barua ilipokelewa na kutiwa kwenye faili. Kazi akapewa mwanamume mchangamfu, hodari wa kuendesha harambee, anayejua watoto wa kila mjumbe kwa majina. Yeye simlaumu. Nailaumu hoja iliyompa kazi.

Mwaka 1921 Carl Jung aliwagawa watu kati ya wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje, na waliomfuata wakaongeza makundi mengine mengi. Mgawanyo ule wa kwanza unanitosha. Ninayemzungumzia ni yule anayepata nguvu akiwa peke yake, anayetaka kulifumua jambo uzi kwa uzi kabla ya kulisemea, na anayechoshwa na kikao ambacho watu hunena ili ionekane wamenena. Nataka kujua kama mtu huyo amejitenga na jamii, au yumo ndani yake kwa namna ambayo macho yetu hayajazoea kuiona.

Pingamizi za haki zipo. Meneja hukutana na wakulima wenye hasira siku ya malipo, na hasira haitulizwi kwa jedwali. Kimya nacho kimewafunika wezi katika vyama vyetu kama kilivyowafunika wenye busara. Nayakubali yote mawili.

Nisiloweza kulikubali ni lile nililoambiwa na mzee mmoja wa jopo hilo tulipokutana harusini Runyenjes. "Mwalimu, usikasirike," alisema. "Sisi ni Waafrika. Mtu wa kujifungia na vitabu hatujui ana nini moyoni. Mtu ni watu." Wote waliokaa meza ile walitikisa kichwa kukubali.

Hoja hii inanichoma kuliko dhuluma yenyewe. Dhuluma ilitokea siku moja, katika chumba kimoja. Hoja huzunguka, ikaingia makanisani, kwenye kamati za shule na hata kwenye posa. Tazama inavyofanya kazi. Haisemi kwamba binti huyu hawezi umeneja, kwa maana hilo lingepimwa, naye akapita au akaanguka. Inasema si mwenzetu kikamilifu. Uenzetu ukishatiwa shaka, hakuna mtihani wa kuurudisha, hasa kwa mtu ambaye ushahidi wake wote uko katika maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma.

Wanaoisema hupenda kujifunika jina la John Mbiti, jirani yetu wa ng'ambo ya Tana, mzaliwa wa Kitui, ambaye mwaka 1969 aliandika kwamba kwa Mwafrika mtu yupo kwa sababu jamii ipo. Nalikubali neno hilo. Lakini Mbiti huyo huyo alikaa miaka na maandishi ya Kigiriki, akalitafsiri Agano Jipya zima kwa Kikamba. Kazi ya namna hiyo haifanyiki sherehe ikiendelea. Inataka mlango uliofungwa, kamusi, na mtu aliye tayari kushinda na sentensi moja mpaka imkubali. Je, saa zile alikuwa ameacha kuwa Mwafrika? Au alikuwa na Wakamba wote pale mezani, kila mmoja akisubiri neno litakalomfaa?

Vivyo hivyo nauliza juu ya karani wetu. Vitabu vya mizani vilikuwa na majina. Mlikuwa na mjane mwenye miche michache nyuma ya nyumba, mlikuwa na kijana aliyerithi shamba la babake, mlikuwa na familia zinazolipa karo kwa kilo hizo zinazopotea. Jioni zile alizokaa peke yake alikuwa na watu wengi kuliko mjumbe yeyote aliyekuwa akipigiwa makofi mkutanoni. Anayeniambia hana watu anieleze kwanza watu ni nani: ni wale wanaokusikia ukiongea, au ni wale wanaopata hasara usipohesabu vizuri?

Tena, huu Uafrika wa kufikiri kwa sauti umetoka wapi? Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru lenye makao Nchiru, hujadili mambo yake faraghani, na wanaoingia hula kiapo. Sijasikia mtu akisema kwamba si la Kiafrika kwa sababu hatulisikii. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka kifo chake mwaka 1995, aliwaendea wazee vijijini akawatenganisha wanaohifadhi hekima ya jamii na wanaoichuja kwa akili zao wenyewe. Miongoni mwa hao wa pili alimweka Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru. Oruka alichoka kuambiwa kwamba Waafrika huwaza kwa pamoja kama kwaya. Mimi pia nimechoka.

Na lile la mzee, kwamba hatujui ana nini moyoni? Methali zetu zimejaa hofu ya mnyamavu: simba mwenda kimya ndiye mla nyama, kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini ya moyoni mwa msemaji tunayajua lini? Mchangamfu hutupa kitu cha kushika, kicheko au jina la mtoto wako, nasi tukaridhika kwamba tumemjua. Karani alitupa hesabu, ambazo yeyote angeweza kuzikagua. Kati ya hao wawili, aliyejianika zaidi ni yule aliyeandika.

Hata mtaala mpya wa shule umeingia mtego huo wa kuridhika na kinachoonekana. Umeweka mawasiliano na ushirikiano kuwa umilisi wa msingi, na ukaweka vilevile fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo. Lakini la kwanza huonekana kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, na la pili mara nyingi halionekani.

Hapa namkumbuka Mugwe, na msomaji aniruhusu nikae naye kidogo, kwa kuwa sijawahi kuchoka kumfikiria. Padre Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata alichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1959. Mugwe alikuwa kiongozi wa dini wa Wameru, mwenye kuwabariki watu. Kwa Waimenti, mojawapo ya makundi ya Wameru, nguvu yake ilikaa katika mkono wa kushoto, na mkono huo ulifichwa daima. Kuuona kulihofiwa kama kifo. Mwaka uliofuata Rodney Needham, Mwingereza, aliandika makala juu ya mkono huo tu, akiona humo jozi ya kulia na kushoto: wazee na mamlaka yao ya hadharani, Mugwe na mamlaka yake ya ibada. Ninachokistaajabia ni kwamba jamii yenye mabaraza imara hivyo iliiweka baraka yake mahali pasipoonekana. Haikusema hatujui ana nini chini ya vazi lake, basi si mwenzetu. Ilijua kuna kitu haikioni, ikakitegemea.

Hata hivyo Mugwe si karani. Mkono unaoheshimiwa kwa kutoonekana hauwezi kuhojiwa, ilhali barua ile iliandikwa ili ihojiwe. Mwenye tabia ya uchambuzi haombi kuogopwa wala kuaminiwa gizani. Anaomba asomwe, na kusoma ni kazi ambayo kamati haikutaka kuifanya.

Na hapo nakwama. Kama alijua kilo za mjane zinapotea, je, barua ilitosha? Naweza kusema alitimiza wajibu wake: aliandika waziwazi, akawaandikia waliochaguliwa kusoma, na mwenye kosa ni aliyeifungia ndani ya faili. Lakini mjane hakuichagua tabia ya karani wala uvivu wa kamati, na hasara ni yake vyovyote vile. Nikimwambia karani asimame apaze sauti, nimempa ushindi yule mzee wa harusini, kwamba ukweli hauhesabiki mpaka upigiwe makofi. Nikimwambia anyamaze, heshima ninayompa inalipwa na mkulima. Mkutano mkuu wa wanachama unakaribia. Ameniuliza afanye nini, nami bado sijampa jibu.