MBELE YA KUFUNGUA MKONO, CHUNGUZA MOYO

Masomo: Mwanzo 25:29-34, Mwanzo 41:34-36, 1 Watesalonika 5:20-21



Wengi wetu tunafikiri ya kama feza ni mambo ya kichwa tu: kujumlisha, kutoa na kugawa. Lakini Maandiko yanatuonyesha ya kama mkono wenye kushika feza unatumwa na moyo. Moyo ukiwa na njaa, ao woga, ao tamaa, kichwa kinanyamaza. Basi tuangalie mambo matatu.

1. Moyo wenye njaa

Esau alitoka porini amechoka, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Hakuwa mjinga. Angeulizwa siku nyingine, akiwa ameshiba, angejua vizuri kipi kinapita kingine kwa bei. Lakini chungu kilikuwa karibu na pua yake, na urithi ulikuwa mbali. Kitu cha karibu kinaonekana kikubwa, hata kikiwa kidogo.

Sisi wa kando ya Tanganyika tunalijua jambo hili. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukijaa, taa inakosa nguvu na mitumbwi inapumzika pwani. Kila mvuvi, tangu utoto wake, anajua siku hizo zitafika. Lakini mara ngapi usiku wa giza unaleta feza, feza inakwisha, na mwezi ukitoka nyumba inaanza kukopa unga? Ni kwa sababu moyo wa siku ya kushiba hausadiki siku ya njaa. Mwaka wa 2024 mtihani ulikuwa mkubwa zaidi: uvuvi ulifungwa tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaa. Huo haukuwa usiku mchache wa mwezi, ulikuwa miezi mitatu mizima.

Yosefu alifanya nini katika Misri? Hakuwaambia watu tu wawe na akili. Alimshauri Farao aweke wasimamizi na ghala, na sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe katika miaka ya kushiba. Alijua moyo wa mtu, akaujengea ukuta mbele ya njaa kufika. Ndiyo maana mama zetu wa Mulongwe na Kavimvira wanashika likirimba. Mama akiwa peke yake na feza yake, atasema: nitaweka kesho. Lakini siku ya likirimba wenzake wanamngoja, na haya inamsaidia kufanya lile alilokuwa akitaka tangu mwanzo. Hiyo si uzaifu. Ni hekima ya mtu anayejijua.

2. Moyo wenye woga

Mwenye elimu mmoja, Daniel Kahneman, alipewa zawadi ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2002. Yeye na mwenzake Amos Tversky walionyesha mwaka wa 1979 ya kama kupoteza kunamuuma mtu kuliko vile kupata kiasi kilekile kunavyomfurahisha. Bwana wetu alikuwa amekwisha kutuonyesha mtu wa namna hiyo: yule mtumishi aliyezika talanta ya bwana wake katika udongo kwa sababu aliogopa.

Tazama dola yenye kupasuka kidogo pembeni. Kwao Marekani noti hiyo bado ni feza halali. Kwetu sokoni inakataliwa. Muuzaji hasemi ni mbaya. Anasema, nikiipokea, nani ataipokea kwangu? Kila mmoja anaogopa woga wa mwenzake.

Na woga huo una mizizi. Wazee kati yetu wanakumbuka noti ya milioni 5 za zaire. Waziri wa kwanza Tshisekedi alisema si feza halali. Katika Januari 1993 askari walilipwa nayo, wauza duka wakaikataa, na Kinshasa ikaporwa. Mwaka uleule zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Tangu hapo tulijifunza ya kama feza ni karatasi pamoja na imani, na imani ikiondoka karatasi inabaki.

Kwa hiyo hatuwahukumu wenye kuogopa. Tunasema tu: uulize woga wako unaogopa nini. Mwenye kuficha yote nyumbani anaogopa mtu mwingine, lakini haogopi maji. Katika Aprili 2020 mto Mulongwe ulipobomoa nyumba nyingi, tulikumbushwa ya kama sanduku la chumbani halikujengwa juu ya mwamba.

3. Moyo wenye kufuata wengi

Hapa tunaomba kila mmoja asikilize vizuri, maana jambo hili linaingia ndani ya kanisa.

Mwaka wa 1991, katika Kinshasa, watu walipeleka feza yao kwa nyumba iliyoitwa Bindo Promotion, iliyoahidi kuizidisha mara nyingi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli. Walirudi nyumbani na feza, wakashuhudia, na jirani zao wakauza vitu vyao ili nao waingie. Lakini feza ya wa kwanza ilikuwa feza ya waliokuja nyuma. Wenye kuja nyuma walipopunguka, nyumba ilianguka mwaka uleule.

Wandugu, tufahamu neno hili. Aliyeshuhudia hakusema uongo. Alipokea kweli. Ushuhuda wake ulikuwa wa kweli, na jambo lenyewe lilikuwa la uongo. Sisi ni kanisa la ushuhuda, kwa hiyo mtego huu unatufaa sisi kuliko wengine. Ng'ambo ya ziwa, katika Tanzania, serikali ilifunga kazi ya DECI mwaka wa 2009. Kati ya viongozi wake walikuwamo wachungaji, na kutoa feza kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Maneno yetu ya ibada yalifanywa chambo.

Basi mtu akija kwako kisha ibada, akisema ameonyeshwa katika ndoto ya kama utoe dola 50 upate 500, usidharau unabii, lakini upime. Mtume Paulo ametufundisha mambo hayo mawili pamoja, na hatuwezi kushika moja na kuacha lingine. Roho wa Mungu hakimbizwi na tarehe ya kufunga daftari. Anayekuambia leo ao hapana, anajua ya kama kesho utakuwa umefikiri.

Mashemasi tunawashauri hivi:

Kwanza, feza kubwa ilale siku tatu mbele ya kutoka, na siku hizo tuombe.

Pili, bibi na bwana wajulishane. Shauri lisiloweza kusemwa mbele ya mwenzako, huenda lina ugonjwa.

Tatu, tuulize: faida hii inatoka kwa kazi gani? Mvuvi anaonyesha samaki, mulimaji anaonyesha mihogo. Asiyeonyesha kitu ila watu waliolipwa, tumwache.

Ine, mtu yeyote, hata nabii, hata shemasi, akikusanya feza ya biashara kwa jina la unabii, jambo lipelekwe mbele ya wazee wa kanisa, bila kelele na bila kuficha.

Sadaka ni kitu kingine. Mwenye kutoa sadaka hangoji kulipwa mara kumi. Ametoa kwa sababu amekwisha kupokea.

Mungu wa Yosefu atupe moyo unaokumbuka njaa siku ya kushiba, na usiopoteza tumaini siku ya njaa. Amina.