Deni la Mwombaji

Mwombaji wa shahada ya uzamili katika afya ya jamii mara nyingi hutakiwa aeleze kwa maandishi sababu ya ombi lake. Mwingine huweza kusimulia kipindupindu cha kijijini kwao. Je, ni haki msiba wa jirani kuwa ngazi ya msomi?

Mwaka 1854 John Snow aliwahesabu waliokufa kwa kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, akaonyesha kuwa wengi walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wake ukaondolewa. Hesabu ile iliwarudia wenye msiba kwa manufaa.

Asimuliaye mateso ya watu amekopa kwao, na dawa ya deni ni kulipa. Akipata nafasi akawasahau, hata maneno yake ya kweli yageuka wizi.