Mafiga Mawili



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee mmoja wa kwaya alinivuta kando ya mlango wa vestri. "Mchungaji," akasema, "tukirudi kuimba, si tutakuwa tumemkosea marehemu?"

Marehemu mnamjua. Sauti yake haikuwa kubwa, na mistari ya alto ilimponyoka mara kwa mara. Lakini ndiye aliyeweka ufunguo. Ndiye aliyewapigia watu simu kuwakumbusha mazoezi, akaja na chupa mbili za chai na mahamri yaliyofunikwa kwa kitambaa. Na wawili walipokwaruzana kwenye kwaya, yeye ndiye aliyetoka usiku kwenda kwa huyu, kisha kwa yule, hadi wakaweza tena kusimama mstari mmoja. Tangu tumzike, kwaya haijaimba. Kiti chake kimeegemezwa ukutani na hakuna aliyekigusa.

Sikumjibu mzee palepale. Nilimwomba anipe wiki moja. Jibu nililolipata limenijia kupitia bendi ya Waingereza, wapiga vinanda vya umeme ambao sasa wamepita miaka sitini. Wanaitwa Depeche Mode.

Ninyi vijana mnaotazama mpira mnawajua bila kujua. Ule wimbo ambao mashabiki wa Celtic huuimba wakirukaruka, na ambao mashabiki wa Liverpool waliugeuza kuwa wimbo wa Luis Suárez mwaka 2011, ulitungwa na kijana wa bendi hiyo, Vince Clarke, mwaka 1981. Wakati huo wote walikuwa na umri wa miaka kama ishirini. Walitoka Basildon, mji wa Essex, mashariki ya London, uliojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili ili kuzipa makao familia za wafanyakazi wa London. Vijana wa kizazi chao walikuwa wanaachana na gitaa na kushika sinthesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, na muziki huo ukaitwa wimbi jipya. Siku zao za mwanzo walivibeba vinanda hivyo mikononi wakapanda navyo treni kwenda kurekodi kipindi cha televisheni. Miaka saba baadaye, tarehe 18 Juni 1988, waliimba mbele ya watu zaidi ya 60,000 katika uwanja wa Rose Bowl, kule Pasadena, California.

Kuna jambo kuwahusu ambalo kwetu Wamethodisti ni la nyumbani. Clarke na mwenzake Andy Fletcher walilelewa katika Boys' Brigade, chama kilekile ambacho wavulana wetu huvaa sare yake Jumapili na kupiga ngoma mbele ya kanisa. William Alexander Smith alikianzisha Glasgow mwaka 1883, akakipa alama ya nanga kutoka sura ya sita ya Waebrania, pale tumaini linapofananishwa na nanga ya roho. Fletcher alikuwa kijana wa kanisa hasa. Rafiki yake Martin Gore, ambaye baadaye alikuwa mtunzi mkuu wa bendi, aliandamana naye ibadani akakaa na kusikiliza.

Alichokisikia Gore hakikumwacha. Ameeleza kwamba kanisani kwao palikuwa na orodha ya wagonjwa wa kuombewa, na kwamba yule aliyekuwa juu ya orodha aliishia kufa, na waumini wakaendelea kumshukuru Mungu kwa kutimiza mapenzi yake. Mwaka 1984 alitunga wimbo mkali juu ya jambo hilo, na watu wengi wa dini wakaudhika. Sikubaliani na anachomshutumu Mungu nacho. Lakini nimesimama kando ya vitanda vingi katika mji huu, na sitamlaumu kijana kwa kuuliza alichouliza Ayubu. Ninatulaumu zaidi sisi tunaosoma orodha za wagonjwa mbiombio, jina likiondolewa Jumapili inayofuata bila mtu kukaa na wafiwa walau jioni moja. Mtoto aliyeketi benchi la nyuma anatutazama.

Turudi kwa Fletcher, maana yeye ndiye ninayemtaka leo.

Katika bendi, Gore alitunga na Dave Gahan aliimba. Alan Wilder, aliyejiunga mwaka 1982 na baadaye akaondoka, alikuwa mwanamuziki aliyefunzwa. Na Fletcher je? Katika filamu iliyotengenezwa kuhusu ziara yao ya mwaka 1988, yeye mwenyewe anataja kazi ya kila mmoja, kisha anasema kwamba yake ni kuzungukazunguka tu. Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimfuata maisha yake yote. Waandishi waliuliza huyu mtu analipwa kwa kazi gani.

Kazi ilikuwepo. Kwa miaka mingi bendi haikuwa na meneja, na Fletcher ndiye aliyeshughulika na hesabu na mikataba. Zaidi ya hesabu, alisimama kati ya watu wawili ambao hawakujua kuzungumza. Gore ni mkimya. Gahan ni moto. Mwaka 1996 Gahan alizidisha dawa za kulevya Los Angeles, na moyo wake ukasimama kwa dakika mbili kabla ya wahudumu kumrudisha. Gore alipigana na pombe miaka mingi, akaiacha. Katika yote hayo palikuwa na mtu wa katikati, na mtu huyo naye alikuwa wa udongo: mwaka 1994 alilemewa na maradhi ya akili, akatoka kwenye ziara kabla haijaisha. Hili nalisema kwa makusudi. Wale wanaobeba ugomvi wa wengine huvunjika pia, na mara nyingi hatutambui, kwa kuwa tumezoea wao ndio waulize hali zetu.

Tarehe 26 Mei 2022 Fletcher alifariki ghafla nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 60. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni ulikuwa umechanika. Wiki chache tu zilikuwa zimebaki waingie studio kurekodi albamu mpya. Nyimbo nyingi Gore alikuwa ameshazitunga wakati wa korona, zikizungumza juu ya kifo, na albamu ikaitwa kwa Kilatini Memento Mori, yaani kumbuka kwamba utakufa. Fletcher hakuishi kuisikia ikikamilika.

Wazee wetu walisema figa moja haliinjiki chungu, na yeyote aliyepika kwa kuni anajua kwamba hata mawili ni shida. Chungu kinataka matatu. Kina mama mnaonisoma mnajua pia kinachofanyika likipasuka moja na chakula kiko motoni. Hukimwagi. Unayasogeza yale mawili yakaribiane, kisha unakishika chungu kwa mkono uliofungwa kitambaa, unavumilia moshi na joto, unakaa hapo hapo. Huwezi tena kwenda kuzungumza na jirani uani.

Ndivyo walivyofanya hawa wawili. Wamesema wazi kwamba kifo cha mwenzao kiliwalazimu kuzungumza wao kwa wao, jambo ambalo kwa miaka arobaini walikuwa na mtu wa kuwafanyia. Walirekodi albamu. Mwezi Oktoba 2022 waliketi mbele ya waandishi mjini Berlin, viti viwili, wakatangaza kwamba wanarudi jukwaani, ziara yao ya kwanza tangu mwaka 2018. Maonyesho yalianza Sacramento, California, tarehe 23 Machi 2023, katikati ya Kwaresima, na albamu ikatoka kesho yake. Juu ya jalada lake kuna jozi mbili za mabawa yaliyopangwa kwa maua, kama mashada tunayoweka makaburini. Ziara ilimalizika Aprili 2024 mjini Köln, Ujerumani, baada ya maonyesho zaidi ya mia moja.

Na hakuna aliyechukua nafasi ya tatu. Kulikuwa na mpiga kinanda na mpiga ngoma, watu walioandamana nao jukwaani tangu miaka ya 1990, na muziki haukupungua. Lakini hawakumwita mtu yeyote mwenzao wa tatu. Ulipofika wimbo mmoja ambao Fletcher aliupenda, picha yake ilitokea kwenye skrini kubwa nyuma yao, naye Gahan akaimba. Jioni baada ya jioni, kwa mwaka mzima, watu hawa walisimama mbele ya maelfu na pengo likionekana.

Nilipolitafakari hili nilifungua kitabu cha Matendo, nikaona kitu ambacho nimekipita miaka mingi. Katika sura ya kwanza mitume wamepungukiwa na mmoja, Yuda, nao wanapiga kura na Mathiya anaingia mahali pake. Yuda aliondoka, nafasi ikajazwa. Katika sura ya kumi na mbili Herode anamuua Yakobo nduguye Yohana kwa upanga. Tazameni sasa kinachofuata. Hakuna kura. Hakuna jina linalopendekezwa. Kanisa linaomba kwa ajili ya Petro aliye gerezani, linaendelea na safari, na kiti cha Yakobo kinabaki cha Yakobo. Mwenye kuiacha kazi anaweza kurithiwa. Aliyekufa akiwa ndani yake habadilishwi kama taa iliyoungua.

Hata bendi hiyo ilijua tofauti hii. Clarke alipoamua kuondoka mwishoni mwa mwaka 1981, walitangaza gazetini wakampata Wilder. Fletcher alipokufa hawakutangaza.

Kwa hiyo, mzee wangu, nadhani nimeelewa hofu yako. Unaogopa kwamba tukiimba tutakuwa tumeliziba pengo lake. Lakini kunyamaza nako ni namna ya kuliziba. Pengo linaonekana pale tu wengine wanaposimama mahali pao. Kwaya isiyoimba haina mahali ambapo mtu mmoja anaweza kukosekana.

Nakumbusha habari ya baba yetu katika imani. Charles Wesley, aliyetunga maelfu ya nyimbo tunazorithi, alifariki London mwezi Machi 1788. Kaka yake John alikuwa mbali, safarini akihubiri, na habari zikachelewa kumfikia. Mazishi yalifanyika bila yeye. Wamethodisti husimulia kwamba siku chache baadaye, katika kanisa la Bolton, mzee huyo wa miaka 84 alitangaza wimbo wa ndugu yake juu ya Yakobo akishindana na malaika usiku kucha. Walipofika pale mwimbaji anaposema wenzake wameshatangulia naye amebaki peke yake na Bwana, John alishindwa. Aliketi mimbarini, akafunika uso kwa mikono, akalia. Kanisa zima likanyamaza. Kisha akasimama, na ibada ikaendelea.

Hakuna mtu aliyemkemea Wesley kwa kulia, wala aliyemwambia kwamba alikuwa amewahi mno kuimba. Nimewahi kumwambia mfiwa ajikaze. Nilikuwa mchungaji kijana, na niliyemwambia naye ameshafariki, siwezi tena kumwomba radhi. Ningekuwa na nafasi ile leo ningeketi naye tu.

Sasa nina neno kwa wale wawili. Mnajijua, nami sitawataja. Tangu afariki yule aliyekuwa akija kwenu usiku, hamjasalimiana. Kila mmoja amenijia kwa wakati wake akitaka nimpelekee mwenzake maneno. Nimekataa, na nitaendelea kukataa, maana kazi ile haikuwa cheo cha kurithiwa na mchungaji. Yeye aliifanya kwa miguu yake, kwa upendo wake, na pengine kwa uchovu ambao hatukumuuliza. Mafiga yamebaki mawili na chungu kiko motoni. Sogeeni. Mmoja wenu apige simu, na mwingine asiiache ikalia.

Na kwa kwaya yote: mazoezi yanaanza tena Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Kiti chake tutakitoa ukutani na kukiweka mahali pake, safu ya pili, karibu na dirisha, na tafadhali mtu asikikalie wala asiweke mkoba juu yake. Mkikwama katikati ya ubeti, kaeni, lieni, tutangojana. Ufunguo wa vestri nitakuwa nao mimi wiki hii. Chai bado haina mtu wa kuileta, kwa hiyo atakayeweza aje nayo.