Kumsitiri Marehemu, Kumficha Mtoto Wake

Mzee akifa akiwa na miaka tisini na ushei, historia yake huwa ndefu kuliko muda wa kuisoma makaburini. Kwa familia zilizotoka Oman, Hadhramaut au Kutch zikaishia Shinyanga, Kahama na Geita, historia hizo zinafanana mno. Alifika kijana hana kitu, akalala dukani kwa ami yake, akauza chumvi na vitambaa, akanunua pamba kwa wakulima, akajenga, akaoa, akazaa, akauchangia msikiti. Yote hayo aghlabu ni kweli. Mas'ala ni yale yasiyosomwa.

Niliwahi kuhudhuria Kahama maziko ya mzee wa namna hiyo. Imamu aliuliza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Kimya. Kisha mtoto mkubwa akasoma historia ya baba yake, akataja mke mmoja na watoto saba. Nyuma yetu alisimama mtu wa makamo, paji la uso na pua ni vya marehemu mwenyewe, rangi ni ya mama yake Msukuma. Waliokuwapo walimjua ni mtoto wa nani. Mama yake aliolewa kwa nikaha, ng'ombe wa mahari wakahesabiwa mbele ya wazee, miaka kadhaa kabla ya yule bibi mwingine kuletwa kutoka Uarabuni. Hakutajwa mama wala mtoto. Nilipomuuliza jamaa mmoja faraghani, alinijibu kwa upole: "Shekhe, tumsitiri mzee wetu. Maiti hasemwi vibaya."

Jibu hilo lina uzito na sikulipuuza. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana wafu, na hadithi hiyo aliyoipokea Bibi Aisha (r.a.) imo katika Bukhari. Kusitiri aibu za Muislamu ni katika dini. Mzee akiwa alikuwa na ulimi mkali, au mizani yake ya kununulia pamba ililalamikiwa na wakulima, ya nini kuyasoma kaburini?

Lakini tujiulize: katika habari ya yule mtu aliyesimama nyuma, aibu ni ipi? Mtoto si dhambi ya baba yake. Mwenye kunyamazia kosa la maiti amemsitiri maiti. Mwenye kumnyamazia mtu aliye hai amemdhulumu aliye hai, kisha dhuluma hiyo akaivika kanzu ya heshima. Aya ya 135 ya Suratin-Nisaa inatuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu. Wazazi wametajwa humo waziwazi.

Wala tusidanganywe kwamba huku kuficha ni mila ya wazee wa zamani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Baba yake alilowea Unyanyembe, jirani na Tabora, akamuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip anamtaja mama huyo wa kambo bila haya, kwa kuwa ndoa ile iliipa familia yao nguvu. Biashara ya utumwa aliyoifanya sitaitetea hapa. Nasema tu kwamba hilo hakulificha. Na Zanzibar, masultani Majid, Barghash, Khalifa na Ali wote walizaliwa na masuria wa Sayyid Said, na mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kwa hiyo binti wa mtemi hutajwa, na mama wa sultani hutajwa. Anayefichwa ni binti wa mkulima wa pamba.

Kwa insafu, mzee naye tumuelewe. Wa aina yake waliishi kwa khofu ya pande mbili. Jamaa zake wangemdharau kwa kuoa "mshenzi" (ndilo neno lililotumika, Allah atusamehe), na wenyeji wakimwita mgeni hata baada ya miaka hamsini. Yakaja mapinduzi ya Unguja mwaka 1964, Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha mwaka 1971 nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja zikataifishwa. Wengi walifunga mizigo. Aliyebaki alijifunza kusema machache. Lakini kunyamaza kwa khofu kulikuwa kwake yeye. Wanawe walioizaliwa nchi hii wanamuogopa nani?

Hapa dhahabu imeingia. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na ingawa huu wa mwisho ulifungwa mwaka 2021, Kahama haikurudi kuwa ile ya zamani. Kiwanja cha duka la babu, kilichokuwa hakimshughulishi mtu, leo kina madalali. Ndipo kumtaja mtoto kunapoitwa "kuchafua jina la mzee". Sheria haina utata: mtoto wa nikaha ni mrithi, mama yake awe Mmanga au Msukuma, na asiyekubali ana Mahakama ya Mwanzo. Aliyezaliwa nje ya ndoa hamrithi baba, ndivyo wanavyosema wanachuoni walio wengi, lakini mzee akiwa hai ana mlango wa wasia usiozidi theluthi. Ni wangapi wameupita?

Yule mtu wa Kahama hakudai kiwanja. Waliposogea wengine, alikaribia kaburi, akatupa mchanga mara tatu kwa mikono miwili, akajikung'uta. Kisha akaniuliza kama bado lipo basi la kwenda Geita jioni ile.