Uso wa Mmoja, Unga wa Wengi



Tangu tulipokimbia mashambulizi ya Palma, Machi 2021, tumejifunza kugawana kidogo tulicho nacho. Lakini katika kikao cha wazee lilizuka swali gumu. Ndugu yetu mmoja alivunjika taya na mfupa wa shavu wakati wa kukimbia, na mifupa ikaunga vibaya. Hatafuni sawasawa, na watoto wakimwona hukimbia. Je, ni haki sadaka imsafirishe akapigwe picha ya kichwa, wakati wengine hawana unga? Mzee mmoja akasema, "Uso hauui, njaa inaua." Nami nilinyamaza.

Wengine hudhani picha hiyo ni anasa. Sivyo. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa ya uso ikiwa imefunikana. Mashine ya TAC, ambayo ndugu zetu Watanzania huiita siti skani, huzunguka kichwa na kukipiga picha kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Kompyuta huzipanga hata fuvu lionekane pande zote. Mmoja wa walioipigia hesabu ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Hivyo kabla ya kushika kisu, daktari anajua ni mfupa upi uliohama.

Nililojifunza zaidi ni hili. Uso ukivunjika upande mmoja, kompyuta huweza kuchukua umbo la upande mzima na kuligeuza kama kwenye kioo, liwe kipimo cha kutengenezea upande ulioharibika. Tena taya likipungukiwa mfupa, madaktari huweza kukata kipande cha mfupa mwembamba wa mguu na kukipandikiza. Mguu unabaki na kovu ili kinywa kipate kula.

Ndivyo Paulo alivyowafundisha Wakorintho juu ya viungo vya mwili mmoja. Mzee wetu alisema kweli, lakini asiyeweza kutafuna ana njaa hata penye unga.

Sisemi wenye njaa wangoje. Sadaka ya unga isiguswe. Nasema nyumba iliyo na chochote cha ziada itoe kando. Na yeye mwenyewe aulizwe kwanza, maana uso ni wake. Hata asipotibiwa, tusimwache akae peke yake nyuma ya kanisa. Taya lake lilivunjika. Mfano wa Mungu ndani yake haukuvunjika.

Mungu awabariki. Amina.